Umri wa Baba Mkwe

Msalaba ulikuwa umelazwa juu ya viti viwili vya plastiki nyuma ya nyumba, upande walikokaa wanaume, na jina lilikuwa limeshaandikwa kwa rangi nyeusi. Chini ya jina fundi alikuwa ameandika "Kuzaliwa", akaacha nafasi, kisha "Kufa" na tarehe ya juzi. Nafasi ile tupu ndiyo iliyokuwa ikiwagombanisha watoto wa marehemu nilipofika Mbeya kutoka Iringa. Mmoja alisema mzee alikuwa na miaka themanini kamili. Mwingine alisema hapana, hajaifikia. Wa tatu alipendekeza iandikwe tu "miaka mingi" ili watu wapate kula. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi, akiwaangalia kwa zamu kama mtu asiye na upande. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni wa kike kusimama upande wa wanaume, kisha nikaanza kuwaza kwamba wananiona, kisha nikawaza kwamba nikiondoka ghafla ndipo wataniona zaidi, hivyo nikaendelea kusimama. Sikuwa nikiusikiliza ugomvi wao. Nilikuwa nikilisoma jina. Niliishi nyumba moja na yule mzee mwaka mzima, nikampelekea chakula chake karibu kila jioni, na siku ile ndipo nilipojua anaitwa nani.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya ualimu wa hisabati, nikisubiri ajira. Kwetu ni Kalenga, si mbali na Iringa mjini, na ningeweza kukaa nyumbani bila kulipa kodi ya chumba. Lakini Kalenga kila unayekutana naye kisimani, gengeni au kanisani anakusalimu "kamwene", na kabla hujamaliza kuitikia anauliza kama kazi imepatikana. Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu ya swali hilo, moja kwa wazee, moja kwa wenzangu, moja kwa wale waliouliza kwa furaha iliyojificha, na nilikuwa nalala nikiyapanga upya. Nikahamia mjini, Miomboni, kwenye chumba cha uani katika nyumba ya Mama Nilesh. Mbele ya nyumba palikuwa na duka lao la vitambaa, juu waliishi wenyewe, na uani tulikaa wapangaji. Asubuhi harufu ya uvumba ilishuka ngazi, jioni harufu ya bizari ikikaangwa hukohuko juu, na kati ya hizo mbili uani palinukia moshi wa mkaa wetu. Majora ya vitambaa yalipoisha dukani, yale makadibodi yaliyozungushiwa nguo yalitupwa uani, mapana, magumu, ya kijivu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbao zangu za kufundishia, kwa sababu mwanafunzi nilikuwa naye mmoja tu.

Mwanafunzi huyo alikuwa Mama Lusajo, Mnyakyusa wa miaka arobaini na moja, mpangaji wa vyumba viwili na sebule vilivyotazamana na chumba changu. Alikuwa akifanya usafi kwenye zahanati moja ya mjini na alitaka kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa. Chuo kilidai cheti cha kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba, kwa hiyo ilimbidi kwanza afaulu ule mtihani wa maarifa wanaofanya watu wazima kabla ya kuruhusiwa kujiandikisha kwa kidato cha nne. Alikuwa ameshaufanya mara moja. Masomo mengine alipita, hisabati ikamwangusha. Mumewe, Baba Lusajo, alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma na alirudi nyumbani kwa siku chache akiwa na usingizi na maoni. Nilimsikia jioni moja kupitia dirisha, wala hakuwa akinong'ona. "Mama Lusajo, safari hii ya mwisho. Ikishindikana tunafunga mizigo, tunarudi Mbeya, unafungua genge kama watu wengine. Watu wanaishi bila x." Mama Lusajo akamjibu kwamba hata lori lake linakwenda kwa hesabu. "Linakwenda kwa dizeli," akasema Baba Lusajo, na wote wawili wakacheka, lakini nilijua kwamba alichosema amekisema. Nami nilikuwa na langu ambalo sikumwambia mtu. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwahi kusimama mbele ya darasa la watoto sitini nikaganda, chaki mkononi, mpaka kengele ikanikomboa. Nilijiambia kuwa kama siwezi kumfundisha mtu mmoja, mzima, mwenye akili na mwenye nia, basi hata ajira ikija niikatae.

Sababu ya kutaka kurudi Mbeya haikuwa mtihani peke yake. Mapema mwaka ule baba yake Baba Lusajo alifiwa na mke, na mwanawe akamleta Iringa akae naye, ingawa mzee mwenyewe hakuacha kuitaja Mbeya. Mzee alikuja na redio, fimbo na koti zito, akapewa sebule. Tangu siku hiyo nyumba ya Mama Lusajo ikawa na njia mbili. Kwao, mwanamke aliyeolewa hamkabili baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, halitaji jina lake. Mama Lusajo aliniambia kwamba siku hizi wengi wameacha, hasa waliosoma na wanaokaa mijini, na kwamba mumewe mwenyewe alimwambia aache. "Lakini mama yangu alinifunza hivyo, Madam. Nikimkazia mzee macho leo, kesho nitajionaje?" Kwa hiyo alipoisikia fimbo ikigonga saruji aliingia jikoni. Mzee naye alipotaka kwenda uani alikohoa kwanza, kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa ndani yake, akasubiri kidogo ndipo atoke. Sijawahi kuona watu wawili wakijaliana kiasi kile bila kuonana. Lusajo alikuwa shule ya bweni, Baba Lusajo alikuwa barabarani, hivyo kazi ya kupeleka chakula sebuleni ikaniangukia mimi. Mzee alipenda magimbi na maziwa mgando. Nilikuwa napiga magoti, naweka sinia, nasema "Shikamoo, baba," naye anaitikia "Marahaba, mwalimu," na mimi narudi jikoni nikijiuliza kama neno "mwalimu" alilisema kwa heshima au kwa utani. Ndani ya nyumba ile aliitwa Mzee, au Baba. Jina halikuwepo hewani, na sikuliuliza, kwa kuwa kumuuliza Mama Lusajo kungekuwa kumtega.

Tulisomea jikoni. Maswali ya mtihani huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kwanza tuliyageuza kuwa Kiswahili, kisha Kiswahili kuwa mlinganyo. Kuhesabu kwenyewe hakukumsumbua. Ukimpa mlinganyo ulioandikwa tayari, aliutatua akikoroga uji. Kilichomshinda ni mafumbo, zile hesabu za maneno, na zilimshinda kwa namna ambayo sikuielewa. Alianza vizuri, akafika katikati, akajikuta na sehemu za namba pande zote, akavurugika. Kila wiki nilimpa jipya na kila wiki likavunjikia palepale. Nilikaa chumbani kwangu nikitafuta kosa langu. Nilifikiri labda siwezi kueleza sehemu. Nikafundisha sehemu kwa mkate, kwa kitambaa, kwa chungwa. Akazielewa zote, tukarudi kwenye mafumbo, akakwama. Nilifikiri labda ni Kiingereza. Nilifikiri labda ananiheshimu mno hata hawezi kuniambia kwamba simfundishi vizuri, kisha nikafikiri labda haniheshimu. Ningeweza kuuliza. Badala ya kuuliza nilikuwa nawaza, na miezi ikaenda.

Kuku ndio waliofungua macho yangu. Lilikuwa swali la kawaida: mfugaji ana kuku mara nne ya mbuzi wake, na miguu yote pamoja ni kadhaa, tafuta mbuzi. Mama Lusajo akaandika kwamba x ni mbuzi, akalimaliza swali bila taabu. Nikafurahi mno. Swali lililofuata nililigeuza, mbuzi wakawa wengi na kuku wachache. Akaandika tena kwamba x ni mbuzi, na safari hii akazama. Nikayarudia makadibodi ya nyuma yaliyokuwa yameegemezwa ukutani. Kwenye swali la dada wawili, x ilikuwa dada mkubwa. Kwenye swali la mwalimu na mwanafunzi, x ilikuwa mwalimu. Kwenye swali la namba mbili, x ilikuwa namba kubwa. Alikuwa akimchagua mkubwa kila mara, bila kujali swali linauliza nini.

"Mama Lusajo," nikasema, "hapa kwenye baba na mtoto, kwa nini x umempa baba?"

"Si ndiye mkubwa?"

"Ndiyo, lakini ukimpa mtoto inakuwa nyepesi. Tuseme mtoto ana miaka x."

Akaniangalia kama mtu anayesubiri nirekebishe kauli yangu. "Mtoto unamwita tu, Madam. Lusajo njoo, Lusajo nenda, Lusajo umeoga? Mtoto ana shida gani mpaka umfiche? Wewe mwenyewe ulinifundisha siku ya kwanza."

"Nilifundisha nini?"

"Ulisema x ni mtu ambaye yupo, ila hatumtaji, tunamzunguka kwa maneno mpaka mambo mengine yamwonyeshe alipo. Nikasema, haya, hii naijua. Hii naifanya kila siku."

Nilikumbuka kuyasema maneno hayo. Nilikuwa nimejivunia hata, nilidhani ni maelezo mazuri, na kwa kweli yalikuwa mazuri. Yaliingia mahali palipokuwa tayari pana kitu. Sasa nikitazama nyuma, baada ya kusimama mbele ya madarasa mengi, naona kwamba mwanafunzi hapokei maelezo yako mahali patupu hata siku moja. Lakini jioni ile niliona jambo moja tu, kwamba mtihani ulikuwa umekaribia na mwanafunzi wangu alikuwa akijitwisha mzigo mzito kila swali kwa ajili ya adabu. Nikachukua kadibodi safi nikaandika fumbo la zamani kuliko yote: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili, tafuta umri wa baba. Niliazimia kumwacha na x yake kwa mkubwa, nione anakwama wapi hasa.

"Baba ni x," akasema. "Mtoto ni theluthi yake."

"Andika."

Chaki ikagusa kadibodi ikasimama. "Niandike x, chini yake tatu?"

"Ndiyo."

"Hapo namkata mzee vipande vitatu, Madam."

"Si mzee yeyote. Ni wa kwenye swali."

"Huyo wa kwenye swali ana mkwe?"

"Swali halikusema."

"Basi anaye," akasema Mama Lusajo, akaiweka chaki chini. Alikuwa anacheka, lakini mkono haukurudi kwenye chaki. Alisema anajua ni ujinga. Alisema hata wiki zile zilizopita akifika pale mkono unakuwa mzito, halafu anaharakisha ili apite, na akiharakisha ndipo anapokosea. "Kichwa kinakubali. Mkono ndio unakataa."

Ukuta kati ya jikoni na sebule haukufika darini. Redio upande wa pili ikazimwa, na kikohozi kile kirefu kikasikika.

"Mwalimu!"

"Naam, baba." Nikatoka, nikasogea kwenye pazia la sebule. Mzee alikuwa amekaa na koti lake, redio pajani, uso ameuelekeza mlangoni, si upande wa jikoni.

"Huyo mnayeshindwa kumkata ni mzee wa wapi?"

"Wa kwenye kitabu, baba."

"Ana ng'ombe?"

"Kitabu hakikusema."

"Mzee gani hana hata ng'ombe," akasema. Akafikiri. "Mwambie mkwe wangu amkate. Na kama anayeogopewa ni mimi, anikate na mimi. Mwambie kwa chaki sifi."

Alisema kwa sauti iliyotosha kusikika mpaka dukani. Hata hivyo nilirudi jikoni, kama nilivyorudi kila jioni na sinia, nikausema ujumbe neno kwa neno kwa mtu aliyekwisha kuusikia. Mama Lusajo alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua kama ni kicheko. "Mwambie baba, ndaga," akasema. Asante. Nikaenda kumwambia baba ndaga. Niliporudi, x ilikuwa imeshawekwa juu ya tatu, mstari kati yao umenyooka.

Baada ya hapo nilimwonyesha jambo ambalo nilidhani analijua, kwamba ukizidisha kila kitu pande zote kwa tatu, sehemu inaondoka. "Mzee anarudi mzima?" akauliza. Anarudi mzima. "Kumbe anashonwa." Nikamwambia ndiyo, anashonwa. Akashona. Akahamisha, akatoa, akafika mwisho, akaandika x sawa na thelathini na sita, akaitazama namba hiyo kwa muda.

"Thelathini na sita?" akasema. "Mbona kijana! Huyu ni mdogo kwangu, Madam. Nimekimbia mwaka mzima mtu mdogo kwangu!"

Upande wa pili wa ukuta kuna mtu aliyecheka, kisha redio ikawashwa haraka.

Aliufanya mtihani baada ya mvua kuanza, siku ya ukungu ambayo mji wote ulikuwa umevaa masweta. Sikwenda kumsindikiza kwa sababu niliogopa uso wangu utamharibu. Nilikaa uani nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mchana alirudi na viatu vyenye matope akasema kwamba lilikuwepo la dada wawili. "Nimemkata dada mtu," akasema, "nikamshona." Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, si kwa kishindo, kwa kiasi kilichotakiwa. Baba Lusajo aliletewa habari akiwa Tunduma, na nilimsikia kwenye spika ya simu akisema, "Basi genge tumwachie nani?" Walirudi Mbeya hata hivyo, mwaka uliofuata, kwa kuwa mzee alitaka kuwa karibu na kaburi la mkewe. Lakini walirudi na Mama Lusajo akiwa mwanafunzi. Alimaliza kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasoma kozi yake, na leo anahudumia wagonjwa kwenye zahanati huko Mbeya. Mimi nilipata darasa Iringa. Bado naganda wakati mwingine. Watoto hudhani ninafikiri.

Siku ya mazishi nilimkuta upande wa wanawake, kati ya masufuria, amefunga khanga kiunoni na uso umevimba kwa kulia. Hakuwa ameuona msalaba na wala hangekwenda kuuona, maana ulikuwa kule kwa wanaume, na maiti ya baba mkwe ni baba mkwe. Nilimweleza juu ya ugomvi wa mwaka wa kuzaliwa. Pembeni yetu alikuwa amekaa dada wa marehemu, bibi mdogo wa umbo mwenye sauti kubwa, akimenya ndizi. Hakuna mwanamume aliyefikiria kumuuliza.

"Mimi mwaka sijui," akasema bila kuinua macho. "Najua siku anaoa nilikuwa nusu yake. Baba alinishika kichwa mbele ya wageni akasema, huyu hapa ni nusu ya bwana harusi, na yeye anasubiri mchumba nusu. Watu wakacheka, nikalia."

"Na wewe shangazi uliolewa lini?" Mama Lusajo akauliza.

"Miaka minne baada yake. Nilikuwa na kumi na nane. Hiyo najua, mchungaji alikataa kunifungisha kabla ya hapo."

Mama Lusajo akasimama. Akavunja upande mmoja wa boksi la mafuta ya kupikia, akaokota kaa lililozimika pembeni ya jiko. Akaandika x. Chini yake akaweka mbili, na mstari kati yao. Nilikuwa nautazama mkono wake, nikisubiri usite, na haukusita. Akaongeza nne, akaandika sawa na kumi na nane, akatoa, akashona. Ishirini na nane. Mwaka wa ndoa wote waliujua, kwa kuwa marehemu mama yao alikuwa akiutaja kila alipokasirika. Akanipa kile kipande cha boksi kwa mikono miwili, kama sinia.

"Wapelekee, Madam."

Nikavuka uwanja. Baba Lusajo akakipokea, akakisoma, midomo ikicheza. "Ishirini na nane alipooa," akasema taratibu, akatoa ishirini na nane kwenye mwaka wa ndoa, akawatajia ndugu zake mwaka uliopatikana. Wakakumbushana hili na lile, vita gani, njaa gani, na hakuna aliyepata la kupinga. Fundi akachovya brashi. Kisha akakichukua kile kipande cha boksi, akaninyooshea, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, ile iliyokatwa nusu.

"Na hii x hapa ni nani?"

Jina lilikuwa mbele yangu, kubwa, jeusi, rangi haijakauka. Si mkwe wangu. Mimi ni mtu wa Kalenga, nina ruhusa yote ya kulisema. Nikafungua mdomo.

"Ni yeye," nikasema, nikauelekezea msalaba kidevu.

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akainama kuandika mwaka.